Jua la Saa Mbili Asubuhi

Siku hizi ofisi ya Dinkarbhai ina ukimya ambao hakuna aliyeuomba. Feni inanguruma kama kawaida, bajaji zinapiga honi kule chini kwenye barabara ya stesheni ya Nadiad, mji wa Gujarat, India, na muuza chai anapanda ngazi na birika lake saa tano kasorobo bila kukosa. Lakini kwenye kona ya dirisha la nyuma hakuna tena mtu anayesemezana na kompyuta. Mwanamke aliyeketi pale kwa miaka kumi na tisa alikuwa na mazoea ya kuibembeleza mashine kama mama anayemlisha mtoto mgumu wa kula. "Haya, fungua mdomo. Meza. Tena kidogo." Pragnesh, mhandisi wa meza ya pili, alikuwa akimcheka kila siku. Sasa ikifika saa tano shingo yake hugeuka yenyewe, naye hukuta kiti kitupu na kipande cha boksi alichokibandika yule mwanamke juu ya kioo cha kompyuta ili kuzuia mwanga wa dirishani. Hakuna aliyekibandua.

Jina lake Nirupama Dabhi. Mjini walimwita Niruben, dada Niru, hata wale waliomzidi umri. Hakuwa mhandisi. Alisomea uchoraji wa ramani miaka miwili katika chuo cha ufundi, akaanza kwa kuchora maghala ya tumbaku, na Dinkarbhai alipoacha biashara ya pampu za maji akaingia kwenye sola, aliingia naye. Kazi yake ilikuwa kujenga ndani ya kompyuta paa la mteja pamoja na kila kilichosimama juu yake na kando yake, tangi, ukuta, mti, nguzo, kisha kuiuliza programu kivuli cha kila kimoja kitaangukia wapi saa hadi saa, mwaka mzima. Paneli moja ikiingia kivulini huwavuta nyuma wenzake wote wa mstari mmoja, kwa hiyo swali la kivuli si dogo. Niruben alilipenda. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na katika mambo mengi ya maisha aliwapisha wengine wapite. Kwenye kivuli hakumpisha mtu.

Kompyuta yenyewe ilinunuliwa mwaka ule Pragnesh alipooa, na sasa mwanawe wa kwanza yuko darasa la tano. Ukiipa paa dogo, iliimeza kazi bila matata. Ukiipa paa kubwa, ilifikiri, ikajikunja, halafu ikatoa kisanduku cha kijivu chenye maneno yaleyale: kumbukumbu haitoshi, programu itafungwa. Na ikifunga, ilifunga kweli, na kila usichokihifadhi kilipotea.

"Dada, leo mtoto amekula?" Pragnesh angeuliza.

"Amekula."

"Na?"

"Ametapika."

Ndivyo walivyoishi, hadi ilipokuja kazi ya Vrajdham.

Vrajdham ni majumba manne yaliyounganishwa chini ya paa moja bapa, familia arobaini na nane, nyuma ya soko la mboga. Mwenyekiti wao, Labhubhai, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu, alitaka sola ya kuendesha lifti, pampu na taa za ngazini. Dinkarbhai akaenda kupima na Niruben akabeba utepe na dira. Ilikuwa Jumatatu, wiki ya mwisho ya Machi, karibu na adhuhuri, na paa lilikuwa jeupe na moto, bila mtu hata mmoja. Walipima haraka kwa sababu nyayo zao ziliungua. Dinkarbhai akakata shauri hapohapo.

"Nusu yetu, nusu yao. Sisi mashariki, kwa maana magharibi kuna matangi yataniharibia jua la alasiri. Fremu tunaiinua juu, ipite kibanda cha ngazi, hata kivuli cha kibanda kisiguse. Nusu kwa nusu. Nani atalalamika?"

Niruben akachora mstari katikati ya karatasi. Mstari ulikuwa wake, kwa mkono wake, na ulinyooka vizuri.

Walipokuwa wakishuka, mwanamke mmoja mkongwe aliyekaa kwenye ngazi na ubao wa kusukumia mapajani aliwazibia njia kwa mguu wake. Alikuwa Jethiben, mjane wa jumba la pili. Yeye na wenzake ishirini na mmoja wa majumba yale walisukuma papadi, vile vikate vyembamba vya choroko nyeusi vya kukaanga, kwa ajili ya chama cha akina mama cha mjini: asubuhi wanapewa unga uliokandwa, wanausukuma uwe mwembamba kama karatasi, wanaanika juu ya paa, na kesho yake wanarudisha papadi zilizokauka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mikono yao tangu jumba lilipojengwa, na bila paa haikuwepo.

"Binti," Jethiben alimwambia Niruben, "hiyo nusu yetu mnayotuachia, saa mbili asubuhi itakuwa na jua?"

"Ndiyo, mama," Niruben akajibu. "Nusu nzima ni yenu."

"Sikukuuliza ukubwa wake. Nimekuuliza jua."

"Litakuwepo."

Mguu ukaondolewa. Jethiben akaendelea kusukuma papadi yake bila kuwatazama tena.

Katika bajaji, wakirudi, Niruben aligundua kwamba hajui. Alikuwa amejibu kama watu wanavyojibu ili ngazi ifunguke. Hesabu zote za ofisi ile zilihusu jua la paneli. Jua la kitambaa kilichotandikwa chini ya paneli, na papadi juu yake, hakuna aliyewahi kulihesabu, wala programu haikuwa na mahali pa kuliuliza. Na Jumapili saa nne wakazi wangekutana kupiga kura.

Jumanne asubuhi alimwambia Dinkarbhai.

"Niruben, sisi tunauza umeme. Papadi tumeanza lini?"

"Nilimwambia kuna jua."

"Basi lipo. Paa limeanikwa juani tangu Mungu alipoumba Gujarat."

"Sijui kama lipo saa mbili."

"Andika asilimia yoyote nzuri. Nani atapanda kuhakikisha?"

"Yeye. Yuko huko kila siku."

Dinkarbhai alicheka, kwani hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa haraka. Akamwambia afanye anavyotaka ilimradi michoro ya Jumapili iwe tayari.

Niruben akaketi mbele ya kioo, akafikiri. Programu ilihesabu kivuli juu ya kitu kimoja tu: paneli. Kumbe dawa ni kuidanganya. Akachora vitambaa ishirini na viwili, kila kimoja mita mbili kwa tatu, vimelala bapa upande wa magharibi, akaviandikisha vyote kuwa ni paneli. Mashine haikujua tofauti ya papadi na kioo. Kwake vyote vilikuwa uso unaongoja jua.

Halafu akaongeza vingine vyote: paneli zenyewe tisini na sita, fremu, kibanda cha ngazi, matangi kumi na manne, vyuma vya ukingo mia mbili na kumi na viwili alivyovichora kimoja kimoja, na mwarobaini wa upande wa soko, magharibi, ambao Pragnesh alikuwa amemchukulia kwenye hifadhi ya michoro. Akabonyeza. Mashine ikafikiri. Kisanduku cha kijivu kikaja hata kabla ya chai.

"Mwaka mzima, saa elfu nane na mia saba na ushee," alisema Pragnesh akiinama juu ya bega lake, "na kwa kila saa inabidi ikague kila pembe ya kila kitu dhidi ya kila kitu. Hata mimi ningetapika. Mwambie bosi kompyuta haiwezi, umemaliza."

"Huu mti wako una majani mangapi?"

Pragnesh akakuna kichwa. Wakaangalia. Mwarobaini ule ulikuwa na majani elfu sita, kila jani na umbo lake, kila jani likiulizwa saa kwa saa kivuli chake kimelala wapi.

"Ni mti mzuri," Pragnesh akajitetea.

"Mzuri mno. Utauza kivuli au utauza majani?"

Akaung'oa. Mahali pake akaweka masanduku mawili, jembamba chini, pana juu. Matangi yaliyokuwa na pembe thelathini na sita akayapunguza yakawa na pembe nane. Vyuma vya ukingo akavifuta, akaweka badala yake ukanda mmoja usio na mwanya. Jumatano nzima ilikwenda hivyo, akinyofoa na kurahisisha, na kila mara alipobonyeza, mashine ilikwenda mbele kidogo kuliko mara iliyopita, kisha ikafunga. Alhamisi ilifika hadi mwezi wa saba wa mwaka wake wa kufikirika. Niruben alisimama, akazunguka kiti mara moja, akaketi tena.

Siku hiyo Dinkarbhai alipita nyuma yake mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Unaona sasa? Mashine yenyewe imekataa."

"Haijakataa," alisema Niruben. "Tonge ni kubwa."

Ijumaa akalikata paa vipande vinne. Kila kipande kilikuwa faili lake, na kila faili lilibeba vitu vilivyosimama ndani yake tu. Akamlisha mtoto matonge manne, moja baada ya jingine, akingoja limezwe kabla ya kuleta jingine. "Meza. Haya. La mwisho." Yote manne yakapita. Alijumlisha kwa mkono, akajumlisha tena kwa kikokotoo. Vitambaa vingepoteza asilimia tisa tu ya jua lao la mwaka. Asilimia tisa! Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sari, na kwa mara ya kwanza wiki ile akanywa chai ikiwa bado moto.

Jumamosi saa mbili kasorobo asubuhi alikuwa amekwishapanda ngazi za Vrajdham, na karatasi yake mkononi, apeleke habari njema.

Paa halikuwa lile la Jumatatu. Lilijaa watu. Wanawake walikuwa wameinama kila mahali, wakitandika vitambaa vya sari kuukuu na kupanga juu yake papadi zenye harufu ya pilipili manga na mvuje, wakigombana na kucheka. Mmoja alikuwa akimsema mumewe kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

"Eh, binti wa vivuli!" Jethiben akaita bila kuinuka. "Angalia usikanyage chakula cha watu."

"Mama, nimekuletea hesabu. Mtapoteza asilimia tisa tu."

"Tisa ya nini?"

"Ya jua la mwaka mzima."

Mwanamke mmoja akaguna, na mwingine akajifunika mdomo kwa ncha ya sari.

"Mwaka mzima," Jethiben akarudia. "Sasa mvua za Julai unaniwekea humo za nini? Nianike papadi kwenye mvua?"

"Hapana, lakini—"

"Na mchana? Umeniwekea na mchana?"

"Jua la mchana ndilo lenye nguvu, mama."

"Nani kakwambia papadi inataka jua la mchana? Jua la mchana ni la suruali za wanaume. Papadi ukiiacha humo inajikunja kama sikio la mbwa, inapasuka, na chama hawaipokei. Papadi ni Machi mpaka Mei, saa mbili mpaka saa nne, basi. Ikifika saa nne, mbio, tunaiburuta kivulini ipoe polepole." Akaonyesha kwa kidevu kivuli cha matangi. "Unajua kuchora nyumba, hujui kuanika?"

Kicheko kilipita paa zima. Niruben alikisikia masikioni, lakini macho yake yalikuwa yamekwama chini. Kwenye saruji kulikuwa na mistari ya udongo mwekundu, imefifia hapa, imepakwa upya pale, ikigawa paa kuwa viwanja, kila familia na chake. Na upande wa magharibi wa kibanda cha ngazi palikuwa na eneo kubwa ambalo mstari wowote haukuingia. Lilianza jembamba mlangoni, likapanuka kama upepeo hadi karibu na ukingo.

"Hapa mbona pako wazi?"

"Hapo hapana jua la saa mbili," alisema Jethiben, kama mtu anayeulizwa kwa nini hatembei juu ya maji. "Kibanda kinapalalia. Machi kinalala hivi, Mei kinalala vile. Mama mkwe wangu ndiye aliyepapima."

Niruben akatazama saa yake. Ilikuwa saa mbili kamili. Kivuli cha kibanda kilikuwa kimelala ndani ya upepeo ule, na ncha yake iligusa mstari mwekundu bila kuuvuka. Akatazama karatasi yake. Kwenye karatasi, saa mbili ya Machi, mahali aliposimama palikuwa na jua tele.

Alijua kosa lilipo kabla hajafika ngazini. Alipokata paa vipande vinne, kibanda kilibaki katika kipande cha tatu na kivuli chake kikaangukia cha pili. Katika faili la pili hakukuwa na kibanda. Kisu chake kilikata kivuli pamoja na paa. Na kama kibanda kilipotea, paneli za mashariki nazo, zilizoinuliwa juu kuliko kibanda, zilipoteza vivuli vyao kwenye mpaka uleule. Asilimia tisa ilikuwa hesabu ya paa ambalo halipo popote duniani.

Alipima upepeo ule kwa utepe, kutoka mlangoni hadi kwenye mstari: mita saba na nusu na vidole viwili. Akaandika kwenye kiganja, na nyuma ya karatasi akaandika majina ya wenye viwanja. Jethiben alimtazama akipiga magoti na sari yake nzuri ya kazini.

"Binti, umekasirika?"

"Hapana, mama. Nina kazi."

"Kesho ndiyo kura."

"Najua."

Ofisini hapakuwa na mtu ila Pragnesh, aliyekuja kuchapa michoro ya Jumapili. Alimwona Niruben akiketi, akaanza kufuta. Alifuta vile vipande vinne vyote, akarudi kwenye paa zima.

"Dada, umerukwa na akili. Paa zima haliliki, tumeona."

"Haliliki kwa mwaka. Nani anakula mwaka? Wanakula saa mbili."

Alifungua faili la hali ya hewa, ambamo jua la kila saa ya mwaka limeandikwa mstari kwa mstari, akaanza kusafisha. Kuanzia Juni hadi Februari, futa. Usiku hadi saa mbili asubuhi, futa. Kuanzia saa nne asubuhi hadi magharibi, futa. Zikabaki asubuhi za miezi mitatu, tangu saa mbili hadi saa nne. Pragnesh aliacha kuchapa, akavuta kiti.

"Ngoja," alisema. "Kama ni asubuhi tu, jua liko mashariki."

"Eeh."

"Basi kilicho magharibi ya vitambaa hakina kivuli cha kuvifikia. Matangi yote kumi na manne, kwaheri."

"Na mwarobaini wako."

"Niachie hata shina."

"Kwaheri, Pragnesh."

Alipoondoa vyote hivyo, akabaki na nafasi ya kutosha hata kuvirudisha vile vyuma vya ukingo wa mashariki, kimoja kimoja, kwa sababu asubuhi jua hupita katikati yao na ule ukanda ungelizuia lote. Kwanza alijaribu paa kama lilivyo leo, bila paneli, ili aone kama mashine inasema kweli. Akabonyeza, na safari hii hakuibembeleza. Kisanduku cha kijivu hakikuja. Ikaja picha ya paa na kivuli cha kibanda kimelala juu yake, saa mbili, wiki ya mwisho ya Machi. Akakipima kwa kipanya. Mita saba na sentimita hamsini na nne. Akafungua kiganja. Wino ulikuwa umeanza kufutika kwa jasho, lakini namba ilisomeka.

"Mama mkwe wake alitumia programu gani?" aliuliza Pragnesh.

Kisha Niruben akaweka paneli za Dinkarbhai upande wa mashariki. Kati ya vitambaa ishirini na viwili, kumi na kimoja havikuona jua kabla ya saa tatu na nusu. Vinane kati ya hivyo havikuliona kabisa hadi saa nne, wakati wa kuburuta papadi kivulini. Nusu ile aliyoichora kwa mstari ulionyooka ilikuwa nusu ya saruji, si nusu ya jua. Alimfikiria yule mama na mguu wake ngazini, na jinsi neno "litakuwepo" lilivyomtoka kirahisi.

Halafu akageuza paa. Paneli magharibi, vitambaa mashariki. Vitambaa vyote ishirini na viwili vikapata jua tangu saa mbili na dakika sita. Lakini sasa matangi yangezionea paneli alasiri, na Dinkarbhai angeuliza kwa kiasi gani, na hilo halikuwa swali la asubuhi za miezi mitatu, lilikuwa la mwaka. Vitambaa akavitoa, vyuma vya ukingo akavitoa, matangi akayarudisha. Alimlisha mtoto mwezi mmoja mmoja, paa zima kila mara ili kisu kisikate kivuli tena. Januari. Meza. Februari. Meza. Alipofika mwezi wa tano umeme ulikatika, wakangoja wakila gathiya, vijiti vya unga wa dengu vya kukaanga, kwenye karatasi, ukarudi, akaanza tena mwezi wa tano. Desemba ilimezwa jua likiwa bado dirishani. Hasara ya kivuli ilikuwa asilimia nne nukta nne, badala ya mbili nukta moja ya upande wa mashariki.

Jumapili saa nne wakazi walikaa kwenye mikeka na viti vya plastiki uani. Dinkarbhai alisimama na mchoro wake wa mashariki, akaueleza vizuri kama anavyojua yeye, akamaliza kwa kusema nusu kwa nusu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Labhubhai akauliza kama kuna swali.

Niruben akasimama. Hakuwa amezoea kusema mbele za watu.

"Mchoro huo niliuchora mimi," alisema. "Una makosa."

Dinkarbhai akageuka. "Niruben, tutaongea ofisini."

"Jumatatu nilimwambia Jethiben jua litakuwepo saa mbili. Halitakuwepo. Nimehesabu." Akazibandika picha mbili ukutani kwa gundi ya karatasi, mashariki na magharibi, vitambaa ishirini na viwili, kila kimoja na jina la mwenyewe. Wanawake walisogea mbele, kila mmoja akitafuta cha kwake.

"Mimi huyu hapa niko gizani!" mmoja akalia.

"Kaa kimya, mimi niko gizani zaidi."

"Na mashine inajuaje?" aliuliza mume wa mmoja wao. "Mashine inasema unachotaka iseme."

"Kapime," alisema Niruben. "Kivuli cha kibanda cha ngazi, saa mbili asubuhi. Mashine imesema mita saba na nusu. Mistari ya akina mama inasema vilevile."

Labhubhai, mwalimu wa hesabu, alikuwa amekaa mbele ya picha ya pili na kidole kwenye namba. "Huku magharibi sola yetu inapoteza zaidi. Mara mbili zaidi."

"Ndiyo, Mwenyekiti. Asilimia mbili na ushee juu ya ile ya kwanza. Sikuificha."

"Lifti itasimama?"

"Hapana. Taa za ngazini za jumba la nne mtazilipia kama zamani, miezi ya baridi."

Dinkarbhai akaona mlango umefunguka. "Mnaona? Mnatupa umeme kwa ajili ya papadi!"

Jethiben aliinuka kwa kushika goti la jirani yake. "Hiyo fremu yako ndefu, bwana, mtu anapita chini yake?"

"Anapita. Hata wewe hutainama."

"Basi iweke magharibi. Saa nne ikifika tutaziburuta papadi chini yake, si tumepata kivuli? Matangi yamekuwa madogo kwetu siku nyingi." Akamgeukia Labhubhai. "Na jumba la nne taa zao waje wazichukue kwangu. Mimi nalala mapema."

Walipiga kura kwa kunyanyua mikono. Magharibi ilishinda kwa thelathini na moja dhidi ya kumi na tano. Siku ile ile, kabla hata mafundi hawajaja, wanawake walipanda na kopo la udongo mwekundu, wakachora viwanja vyao upya upande wa mashariki.

Dinkarbhai hakumfukuza, wala hakumsema sana. Alifunga sola ile vizuri, na anapenda kuwapeleka wateja wapya wakaione. Lakini baada ya Vrajdham, Niruben kila alipopewa paa aliuliza nani hupanda juu yake, na saa ngapi, na kazi zikachelewa. Dinkarbhai akaanza kumpa paa za maghala, ambako hakuna apandaye. Chama cha akina mama kilikuwa na wanachama katika majumba mengine ambayo wenyeviti wake walikuwa wanataka sola. Wakamtuma Jethiben aje amwite akafanye kazi kwao, naye alikuja, akakaa kwenye kiti cha wageni, akanywa chai ya Dinkarbhai mbele ya Dinkarbhai, na akasema alichokijia. Niruben aliaga mwisho wa mvua. Hakuchukua kitu ila utepe wake.

Sasa yuko Nadiad palepale, ghorofa ya kwanza ya jengo la chama, juu ya duka la mafuta ya karanga. Kompyuta yake ni ya mitumba. Jumanne na Ijumaa hayupo mezani hadi saa nne, yuko juu ya paa na akina mama, akitazama jua la saa mbili linaangukia wapi.